Mawe Yasiyobeba Paa

Weka huo msumeno chini, Alexis. Mbona bado umeushika kama mtoto mchanga? Uweke, papa, mwanangu, njoo ukae hapa miguuni pangu na vumbi lako hilo hilo. Thérèse, binti yangu, kaa na wewe. Murielle, mjukuu wangu, zima simu, huko benki watakusubiri. Nilikuwa nimejipangia kufa kwa adabu, maneno ya kuwaachia nimeyapanga kichwani, maana shule niliishia darasa la tatu na kalamu hatupatani. Sasa yote yametawanyika. Tangu asubuhi, ulipokata ile nguzo na nyumba ikalia juu ya kitanda changu, moyo wangu haujarudi mahali pake.

Nyumba ya mbao! Mimi, mke wa Firmin, nimezeekea ndani ya nyumba ya mbao!

Baba yenu alinitoa Goma kwenye kibanda cha mbao, akaniapia sitalala tena ndani ya mbao. Tuliponunua hii hapa ugenini, Rosettenville, kwa yule mzee Mreno, aligonga ukuta wa nje kwa pete yake ya ndoa, akasema, "Sikia, mama Alexis. Jiwe." Majirani walituambia ilikuwa nyumba ya shamba, ya kale kuliko barabara zote hizi, na sisi vichwa vikavimba. Hakuna aliyejiuliza kwa nini kuta ni nene hivi, mpaka mtu anaweza kukaa dirishani na sufuria yake. Na siku nilipotundika picha ya baba yenu hapo saloni, chumba cha wageni, msumari uliingia kama kwenye muhogo, nikasema ni baraka. Jiwe gani linapokea msumari kwa upole hivyo?

Alexis, sikutukani. Bon, nakutukana kidogo. Ulibomoa plasta ili upanue mlango wa saloni, ukakuta nguzo nene zilizochongwa kwa shoka, zimeshikana kwa vigingi bila msumari hata mmoja, na matofali mabichi ya udongo yamejazwa katikati. Ukacheka. "Mama, hawa watu walisahau kutoa nyumba ya zamani!" Nilikuelewa, maana kwetu Goma ndivyo tunavyofanya: mtu akipata hela anazungushia mawe kibanda chake huku bado analala ndani, ukuta ukifika juu anahamishia paa kwenye mawe, kisha anavunja kibanda kutoka ndani, anatoa ubao mmoja mmoja mlangoni, na majirani wanakuja kula. Ukaona umalizie kazi waliyoiacha. Lakini hawa hawakuhamisha paa, papa! Thérèse alipopanda ngazi akaingiza mkono mzima kati ya jiwe na mhimili wa juu, akapiga kelele, "Maman, hapa ni hewa tu!", ndipo nilipoelewa. Mawe yamesimama pale nje kama walinzi wa duka, hayabebi kitu. Paa lote, na sisi chini yake, tumebebwa na mbao zile zile tulizozikimbia.

Sasa sikilizeni, pumzi yangu ni fupi. Nikifa, chorale yote ya kanisa itaingia saloni. Mnawajua. Wataimba wakiruka mpaka kuche, wale wamama wanene wamejazana mpaka ukutani, juu yao mhimili usio na mguu. Mimi sitaki kuondoka na kwaya nzima. Kwa hiyo kabla hamjanifunga kidevu, kabla hamjampigia mtu yeyote Goma, simamisheni vyuma vya ujenzi chini ya mhimili ule, pande zote mbili za mlango. Matanga yawe uani, chini ya turubai. Mchungaji akilalamikia baridi, mpeni blanketi.

Ile nguzo irudi, Alexis. Tafuta mti mzito, uunge kwa vigingi kama walivyounga wao, na ukishindwa mwite mtu wa mbao, wala usijifanye unamfundisha. Vile vyumba vya wapangaji ulivyotaka kugawa humu ndani, usahau. Na wewe Thérèse, habari yako ya kuuza, mlivyoinong'ona na Murielle jikoni, eish, niliisikia yote. Sasa najua ni kwa nini sauti ilipenya: ukuta si jiwe. Nyumba ni yenu wawili. Asiuze mmoja wakati mwenzake analala ndani. Cherehani yangu ni ya Thérèse, na asiniharibie.

Mama Mayasa, yule Mtanzania wa ng'ambo ya barabara, aliwahi kusema nyumba yangu inakohoa mvua ikinyesha. Nikamnunia mpaka leo. Mwambieni alisema kweli. Samahani msiongeze, atajiongezea mwenyewe.

Nipeni maji. Kidogo tu... Basi.

Leteni vichwa hapa. Hata wewe, Alexis, acha kulia, unanilowesha. Mchungaji anapenda kusema Mungu ni mwamba. Mimi nawaombea awabebe kutoka ndani, kule msikomwona. Mzae, mzeeke, mgombane na kupatana chini ya paa moja. Amina, semeni amina... Haya.

Mnitoe kwa mlango wa jikoni. Ule wa saloni... hapana. Polepole. Na picha ya baba yenu... iacheni pale pale. Nitamwambia mwenyewe. Firmin... uligonga nje. Uligonga nje tu.