Fundi Lifti Aliyeambiwa Ana Vidonda vya Tumbo

Ndugu waombolezaji, historia hii imeandikwa na mke wa marehemu, naye ameomba isomwe na kaka mkubwa wa marehemu, neno kwa neno, bila kuruka mstari.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watano, akasoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, akahitimu ufundi umeme mwaka 1981, na tarehe 1 Aprili 1983 akaajiriwa kuwa fundi wa lifti katika jengo la ghorofa kumi na moja, akajulikana kwa jina la Dakika Moja, kwa kuwa ndivyo alivyomjibu kila aliyekwama ndani, hata kama kazi ingechukua saa nzima.

Tarehe 17 Desemba 1988 alimwoa mwalimu wa hesabu, mwanamke asiyecheka ovyo, akamchekesha miaka thelathini na minne, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike.

Januari 2023 alianza kubanwa na kifua kila akipanda ngazi kwenda chumba cha mitambo, na tarehe 6 Februari vipimo vikaonyesha mishipa mitatu ya moyo imeziba. Daktari bingwa aliwaita pembeni kaka yake na mwanawe wa kiume ili wamwandae mgonjwa kwa upole, akawaeleza kwamba ipo njia ya kupitisha waya mkononi na kuacha kijibomba cha kuutanua mshipa, ila kwa moyo huu haitoshi, inayofaa ni kufungua kifua, kuchukua mshipa wa mguuni na kuushona uwe njia ya pembeni ya damu, na kwamba wagonjwa kama yeye, kati ya mia, tisini na saba hurudi nyumbani kwa miguu yao. Akawapa tarehe 20 Februari.

Wawili hao walikaa kikao ndani ya gari, palepale kwenye maegesho ya hospitali, wakaona mgonjwa akisikia habari za kupasuliwa atakufa kwa woga, tena harusi ya binti ni tarehe 29 Aprili, na mkewe naye asiambiwe, eti hana kifua. Basi wakamwambia ana vidonda vya tumbo, anywe maziwa, na mkewe, masikini, akamchemshia maziwa kila asubuhi kwa siku sitini na nne.

Mwezi Machi marehemu alimuuliza kaka yake, uso kwa uso, kama kuna kitu anafichwa, naye akacheka, akamwambia aache pilipili. Akaacha.

Jumanne tarehe 11 Aprili, saa nne asubuhi, alikutwa amekaa kwenye ngazi za ghorofa ya nane, amekwisha kukata roho, chupa ya maziwa ubavuni. Mwili ulipofikishwa hospitalini, daktari yuleyule alimjia juu mke, akitaka kujua kwa nini walikataa upasuaji, na jamani, hapo ndipo mke alipojua.

Familia inawashukuru madaktari, waliosema kweli, majirani, walioleta maziwa ya ziada, wafanyakazi wenzake, waliombeba ngazi za ghorofa zote nane, na kwa namna ya pekee kaka mkubwa, aliyehofia mdogo wake asije akashtuka.

Dakika Moja, halikuwa tumbo, ulikuwa moyo, na ungepona. Kaka yako amekuambia mwenyewe, kwa mdomo wake. Pumzika sasa.