Daftari ya Mashine na Jina la Winfred

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mzee Bundi. Mchungaji, uliyetuombea chakula mpaka kikapoa. Matron Gatwiri na jeshi lako la wauguzi. Madaktari wetu, wote wawili. Bwana Kivuti, mkurugenzi unayestaafu leo, pamoja na mama wa nyumbani kwako. Ndugu wageni waalikwa, na nyinyi ambao hamkualikwa lakini harufu ya mbuzi iliwaita: hamjambo?

Mimi ni Mbaabu wa stoo. Wafanyakazi wameniomba nitoe neno la kumuaga mkurugenzi, kwa sababu wenye digrii waliogopa. Mimi niogope nini? Nimeendesha lori mpaka Kampala, nimelala Arusha, nimebishana na askari wa Mombasa kwa Kiswahili chake mwenyewe na nikamshinda. Shule niliacha darasa la sita, na si kwa ujinga, ni mwalimu aliyeona ninakaribia kumfikia.

Bwana Kivuti, umetuongoza miaka kumi na tisa. Nani hapa hajui usafi wako? Nani mwingine, kuanzia Embu mpaka Mikinduri, angeandika barua ya nakala tatu kuomba sabuni ya choo: moja ya stoo, moja ya masijala, moja ya kwake mwenyewe, halafu hiyo ya kwake aipasue saa kumi jioni ili meza yake ilale safi? Hospitali nyingine zinasifiwa kwa kuponya watu. Sisi tulisifiwa kwa meza.

Halafu mwaka jana, 1997, kompyuta zikaja. Ile kubwa, wanaita seva, ikapewa chumba chake na feni yake, wakati wagonjwa wa wodi namba mbili wanajipepea kwa kadi za kliniki. Zile ndogo zikawekwa tano: mapokezi, maabara, dawa, stoo kwangu, na moja, kwa heshima, kwa mkurugenzi. Tukafundishwa siku mbili. Siku ya kwanza tulifundishwa kuiwasha, siku ya pili tukala kuku.

Na sisi, kwa akili zetu nyingi, tukaunda utaratibu. Winfred wa mapokezi ndiye aliyefika wa kwanza kila asubuhi. Basi alipita meza zote tano, akafungua kila moja kwa jina lake na neno lake la siri, na sisi wengine tukaingia kazini na kukuta mambo tayari. Kwetu mtu akishafungua lango, nani tena anasimama nje kubisha hodi? Siku nzima hospitali yote ilikuwa inaitwa Winfred. Daktari akiandika ni Winfred. Maabara ikikosea damu ni Winfred. Hilo neno la siri, kwa usalama zaidi, tuliliandika kwenye kalenda ukutani.

Kufika Machi, wagonjwa wakaanza kupotea. Si miili, ni majina. Mama Ntinyari, huyu mkulima wa viazi anayeuza soko la Gakoromone, alikuja na kadi yake ya presha, akaambiwa, "Mama, mashine inasema haupo."

Akajibu, "Iambie nimefika kwa miguu yangu."

"Mama, haupo kabisa."

"Basi hii presha mnayopima ni ya nani?"

Tukacheka. Lakini dawa yake ilikuwa imeandikwa humo ndani, na alirudi nyumbani bila dawa, na wiki iliyofuata akaletwa amebebwa kwa machela. Hapo hakuna aliyecheka. Mungu ni mwema, alipona, yuko pale mstari wa pili, na sahani yake naona ni ya tatu.

Sasa mkosaji ni nani? Mkurugenzi, kwa hekima yake, akauliza mashine. Mashine ikajibu: Winfred. Mafaili mia mbili na kumi na manne yamefutwa, yote na Winfred. Ushahidi gani tena mnataka? Akasimamishwa kazi siku hiyohiyo. Wiki sita amekaa nyumbani na watoto watatu, huku sisi tukiendelea kufungua meza kwa jina lake na lile neno la ukutani, na barua inasema Jumatatu hii inayokuja anafutwa kabisa.

Ndipo akaja Nthiga, fundi wa Kianjokoma, mtu mwembamba asiyejua kusalimia wakubwa. Mkurugenzi akamwambia, "Bwana fundi, mashine haisemi uongo."

"Haisemi, Mzee," Nthiga akasema. "Lakini hii hamkuiambia iandike."

Akatueleza kwamba ile seva ina faili la maagizo, na humo unaiambia ishike daftari kiasi gani. Yetu ilikuwa imeambiwa iandike makosa tu; jina la Winfred ililitoa kwa sababu ndilo pekee lililofungua meza zote. Na mashine kufuta jina ikiagizwa kufuta si kosa, ni utiifu. Akabadilisha: andika kila kitu. Akaizima, akaiwasha, maana bila hivyo haisomi maagizo mapya. Jamani! Iliandika kama karani anayelipwa kwa neno. Ukikohoa, inaandika. Siku ya pili ilijaa mpaka koo, hospitali nzima ikasimama, foleni ikafika getini. Mkurugenzi akatangaza kwamba hata kivuli cha Winfred kinaharibu.

Nthiga akarudi kwenye seva. Akaisafisha, akaiambia upya: acha mengine yote, fuata tu sehemu inayogusa mafaili ya wagonjwa na ile michezo inayokula nguvu yako, andika saa, andika amri, na usiniandikie jina peke yake, niandikie namba ya meza. Daftari ikijaa, anza nyingine, na zikizidi kumi tupa iliyo kuukuu. Tukangoja wiki mbili.

Nimesoma hiyo daftari. Mstari wa kwanza uliosomwa kwa sauti ulisema: meza ya nne, saa nne na robo, mchezo wa karata umefunguliwa. Meza ya nne ni stoo. Ni mimi. Saa nne na nusu, karata. Saa tano, karata. Matron, zile glavu ulizongoja mwezi wa nne, nisamehe. Nilikuwa karibu kushinda.

Na majina? Yamefutwa Alhamisi, kila Alhamisi, siku wageni wa Bodi wanapoonyeshwa kompyuta, na yote kutoka meza ya tano. Meza ya tano ina zulia.

Msigune. Jana mimi na Nthiga tulimpelekea karatasi. Akaisoma mara mbili, akasema polepole, "Lakini nilikuwa nafuta nakala yangu." Mnaona? Aliwaonyesha wageni majina, wakishaondoka akasafisha meza. Alidhani masijala wana yao. Nani alimwambia kwamba hii kitu haina kaboni ya kutoa nakala, kwamba sisi sote tunaandika kwenye kitabu kimoja? Hakuna. Hata mimi niliyefika Kampala sikujua. Kwa hivyo yeyote atakayemwita mwovu aje stoo tuzungumze.

Ila, Bwana Kivuti, karatasi uliitia kwenye droo ukasema, "Tutaangalia wiki ijayo." Wiki ijayo, Mzee? Wiki ijayo wewe uko kwako na mbuzi wako, na Winfred hana kazi. Kukosa kwa kutojua tumekosa sote. Lakini tangu jana unajua.

Yule anayewapitishia soda pale nyuma ndiye Winfred. Alice wa taipu amepiga barua hii mistari miwili: kwamba Winfred hakufuta, na kwamba arudi kazini Jumatatu. Nafasi ya sahihi iko hapa chini. Naileta mezani kwako mwenyewe, na maikrofoni nimeishika, siiachi.

Anaisoma. Mama Kivuti, tafadhali mpe miwani.

Amesaini! Mzee Bundi ni shahidi, Mchungaji ni shahidi, Mama Ntinyari na sahani yake ni shahidi. Na sasa ninampigia Bwana Kivuti makofi ambayo si ya mzaha hata kidogo. Mkubwa kukubali kosa mbele ya watu na mkewe, hilo sijaliona Mombasa wala Kampala.

Winfred, weka hizo soda chini. Njoo huku kwa wafanyakazi, Matron atakusogezea kiti.

Kwa masikio yenu na uvumilivu wenu, nyote, asanteni sana.