Baba Alivyolazwa Stoo ya Chokaa

Wapendwa, nitasimama. Mambo haya nikiyasema nimekaa yananikaba. Majina sitaji, ila nawasema wadogo zangu wa tumbo moja, wala siwasingizii.

Kampuni yetu kule Tanga ilianza na tanuru moja nyuma ya nyumba. Baba alichoma mawe ya chokaa, mama alichekecha, mimi kifungua mimba nikagonga mawe kwa nyundo mpaka kucha zikang'oka. Tuliuza chokaa ya kupaka kuta. Baadaye wafuga kuku wakaitaka ya kuchanganya na chakula, baba akanunua kinu cha kusagia mawe na lori kuukuu. Alipofariki, wadogo zangu wawili wakaikuza, na niwape haki yao, waliikuza kweli. Leo unga wa mawe yao unaingia kwenye rangi, kwenye dawa ya meno, hata kwenye vidonge vya mifupa. Mimi nilikuwa nimeshakuja huku Hyattsville, naogesha wazee wa watu na kuwapa vidonge hivyohivyo.

Ndugu zangu, nawaambia, tamaa haina adabu. Jiwe jeupe kuliko yote likaonekana liko chini ya kaburi la baba. Mama, bahati yake, alizikwa kwao Lushoto. Mdogo wangu anayenifuata akanipigia. "Dada, tunamhamisha mzee. Sema tu umeridhia."

"Baba si kabati," nikamwambia. "Hahamishwi."

Akacheka. "Uko Marekani. Utatuzuia na nini?"

Wakamfukua. Ila wazee wa ukoo wakagoma kumzika upya. Kwetu maiti aliyefukuliwa harudishwi ardhini mpaka kifungua mimba wa nyumba aseme mbele ya wote, kwa kinywa chake, kwamba ameridhia. Basi baba akatiwa kwenye sanduku, sanduku likawekwa stoo ya kampuni, juu ya mifuko ya chokaa. Picha alinitumia mdogo wangu mwenyewe, na chini yake ameandika: Anakusubiri wewe.

Hapo ndipo nilipoanguka. Kwenda siwezi, makaratasi yangu hayajakaa sawa, nikitoka sirudi. Na kusema nimeridhia nilikataa katakata, maana ningemsafisha mwizi kwa mdomo wangu. Nikawa nalia tu, na baba yuko stoo. Hata mswaki ukanishinda. Kila nikikamua dawa ya meno namwona baba. Chekeni tu, mimi mwenyewe sasa nacheka. Kazini wakaniachisha, kwani nani anataka kuogeshwa na mtu anayenuka mdomo?

Aliyeniinua yuko humu ndani, ameinamisha uso. Ni mama wa Uvira, kule Kongo, alikuja kuniona kutoka Columbia Heights. Nikammwagia yote, nikingoja pole. Akanywa chai, kisha akasema:

"Dada, unalia nini? Baba yako iko mu sanduku, unajua kwenye iko. Wangu walimutupa mu mutoni, sikupata hata jino. Sasa niambie, nani anamunyima muzee kaburi? Mudogo wako, ao wewe?"

Nilimfukuza. Akatoka na kikombe mkononi, akaketi kwenye ngazi, akamalizia chai yangu hukohuko. Nikabaki nimesimama mlangoni, nikimchukia, kwa sababu amesema kweli.

Jumamosi asubuhi nikapiga simu ya video. Wazee wamekaa mkekani, mdogo wangu kavaa suti.

"Nimeridhia," nikasema. Akatabasamu. Nikaendelea: "Na siku yako ikifika, watoto wako wakilitaka jiwe la chini yako, nikiwa hai nitaridhia vilevile."

Tabasamu likamkauka. Mzee mmoja akaitikia, "Tumesikia." Kwetu neno la namna hiyo halifutiki mpaka aliyelitamka alifute mwenyewe. Kesho yake baba akazikwa.

Asante, mama wa Uvira, kikombe changu unacho mpaka leo. Asante, dada wa Germantown, ulinitafutia kazi nyingine na kunipeleka kwa gari lako, vioo umefungua, wala hukusema kwa nini. Na ninyi wengine, mkigombana na ndugu, mzikeni mtu kwanza. Ugomvi utawasubiri, hauozi.

Mmeniuliza kama nimesamehe. Mdogo wangu hunipigia kila Jumapili, siku hizi kwa heshima zote, akiniomba nilifute lile neno. Nasikia ameshanunua kiwanja cha kuzikwa, mbali kabisa na mwamba. Mimi namsalimia, nauliza hali ya watoto, namuuliza kama kaburi la baba limepaliliwa.

"Limepaliliwa, dada."

"Haya," namwambia. Nakata simu, naenda kupiga mswaki.