Taya Langu Halijarudi Mbele

Shikamooni mama zangu. Dada zangu, salaam. Nimeomba nafasi kwa sababu mzazi mmoja wa kikundi chetu ana binti aliyeshauriwa kupasuliwa taya, naye anauliza: je, likirudi? Simtaji. Namjibu.

Ndugu zangu, kidevu changu kilikuwa kinatangulia kila nilikokwenda. Meno ya mbele hayakukutana. Fundi cherehani mzima, siwezi kukata uzi kwa meno! Msibani Mitwero mtani wangu akatangaza, "Kidevu kimeshafika, mwenyewe yuko njiani." Nilicheka nao. Nyumbani sikucheka.

Nilisoma kila nilichopata, nikauliza. Dar es Salaam walinifunga nyaya za meno kwanza. Baadaye wakaukata mfupa, wakausogeza nyuma, wakaukaza kwa vibati na skrubu. Nikapewa mipira midogo ya kuvuta meno ya chini na ya juu yakutane, niivae usiku na mchana.

Ramadhani ikaingia. Nikaona kitu mdomoni kitaniharibia saumu, nikawa naivua kila alfajiri. Kufika Idi, meno yameanza kuachana. Nawaambia, nilidhani yote yamepotea.

"Nani kakwambia uvue?" daktari aliuliza.

"Nilifunga, daktari."

"Shehe ulimuuliza?"

Niliporudi nyumbani nilimuuliza shehe, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Mwanangu, mpira unaumeza? Basi vaa."

Nikavaa, na meno yakakutana tena. Daktari alinieleza kwamba taya hujaribu kurudi zaidi katika mwaka wa kwanza. Ukipita salama, mara nyingi hutulia. Huu ni mwaka wa kumi. Limesogea kidogo sana, kama unene wa kucha, naye hana wasiwasi. Siwafichi, mdomo wa chini una ganzi upande mmoja mpaka leo. Lakini natafuna mhogo wa kuchoma, na picha ya harusi nilitaka nipigwe nikiwa nimegeuka upande, kidevu kionekane.

Nawashukuru madaktari, shehe wetu, na dada yangu aliyenisagia chakula nikanywa kwa mrija. Mzazi mwenzangu, mwache binti amalize kukua kwanza, kisha mpeleke. Na asivue kitu kabla ya kuuliza.

Baada ya dua njooni nyote mliguse taya hili, ili yule mzazi nisiyemtaja naye aje bila kujulikana.