Mama Kifungu, Mwalimu wa Uhuru

Mama yetu, ambaye leo tumekuja kumsindikiza, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa seremala na muuza mboga. Wazee wanasema alianza kubisha kabla hajajua kutembea sawasawa.

Alipoanza shule mwaka 1958, bendera iliyopepea uwanjani ilikuwa ya wageni. Iliposhushwa na yetu ikapanda, alikuwa bado msichana mdogo, amesimama juu ya benchi ili aone vizuri. Jioni akauliza, "Baba, sasa tukiwa huru, nani ataosha vyombo?" Babu alicheka mpaka akakaa chini. Bibi akamjibu, "Wewe."

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1972, akafundisha historia na uraia hadi alipostaafu mwaka 2006. Hakupenda kukaririsha. Aliandika kifungu cha katiba ubaoni, akageuka na kuuliza, "Kabla hiki hakijaandikwa, nani alikuwa analia?" Wanafunzi wakaenda kuwauliza bibi na babu zao, wakarudi na habari za kazi za lazima na mashamba yaliyoporwa. Mwalimu mwenzake akimletea mtoto wa kuadhibiwa, mama alimuuliza, "Kosa lake liko kifungu gani?" Jina la Mama Kifungu likamganda hapo. Hata nyumbani tulilidaka swali hilo. Baba akitukataza kwenda mpirani, tunamuuliza, "Kifungu gani?" Anatujibu, "Cha mkanda." Mkanda wenyewe haukuwahi kutoka kiunoni.

Baba ni fundi cherehani. Mwaka 1974 shule ilimpa kazi ya kushona bendera mpya, na mama akairudisha kibandani uso umekunjamana.

"Fundi, umeipindua nchi. Rangi ya juu umeiweka chini."

"Basi kaa hapo, mwalimu, unielekeze mpaka ikae sawa."

Akakaa. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975, wakajaliwa watoto wanne, nami ndiye kifungua mimba.

Mwaka 1983, binti mmoja wa kidato cha pili alinyamaza wakati wenzake wanaimba wimbo wa taifa. Baba yake alikuwa kizuizini, hajafikishwa mahakamani. Mkuu wa shule alimkabidhi mama fimbo mbele ya wanafunzi wote.

"Mchape. Anaidharau bendera."

"Mkuu," mama alisema, "hii bendera tuliipandisha ili tusichapwe."

Aliilaza fimbo chini taratibu, akamshika binti mkono, akamrudisha kwenye mstari. Wiki haikuisha, barua ya uhamisho ikafika: shule ya mbali, madarasa hayana hata milango. Siku ile baba alimkuta jikoni analia. "Nimewaponza, baba watoto." Baba alichukua kamba, akaanza kuifunga cherehani. "Mimi nashona popote penye watu wanaovaa nguo," akasema. Tukahama wote. Mama alifundisha huko miaka tisa, na siku ya kuondoka wazazi wa wanafunzi walikuja kumsindikiza hadi barabara kuu. Yule binti alimaliza masomo, leo ni mkunga, na kila mwaka alikuja kumjulia mama hali.

Mwishoni mwa mwaka 2022 mama aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Sisi watoto tulimsihi daktari asimwambie. Mama akaisikia minong'ono yetu.

"Mwili ni wangu. Habari zake niambieni mimi kwanza."

Daktari akavuta kiti, akamweleza yote. Mama alimshukuru, akaomba arudishwe nyumbani. Tulibishana naye sana, tukilia, mpaka baba akatunyamazisha: "Mwacheni achague." Sauti ilipomwisha, alizungumza na baba kwa kumfinya kiganja, na baba alikuwa akicheka peke yake tusijue ameambiwa nini.

Alifariki asubuhi ya tarehe 14 Mei 2023, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mumewe, nasi tukiwa jikoni tunagombania nani ampelekee uji.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu tisa, dada yake mdogo, na wanafunzi ambao hata yeye hakumaliza kuwahesabu.

Mama, nenda ukapumzike. Amani uliyoitaka kwa kila mtoto wa mwenzio, leo iwe yako.