Piramidi za Jumatano

Mimi Musafiri, mpanga viti wa ukumbi wa wafanyakazi, nina bahati kuliko watu wote wa Kolwezi. Citoyen Kazadi Ngeleka, Tata wetu, baba wa ukumbi huu, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1984, baada ya miaka ishirini na mitatu ya kazi, na ni mimi aliyenichagua nishike konferansi zake, mihadhara ya Jumatano. Mimi, niliyeacha shule darasa la tano! Lakini nimefika Ndola, ng'ambo ya mpaka, na anayefika Ndola hana la kujifunza.

Mchana Tata Kazadi alikuwa karani wa stoo. Jumatano jioni alivaa abakosti ya kahawia, suti yetu isiyo na tai, akatueleza mambo ya kale: Misri, Babeli, Roma, na hapa kwetu. Mwaka 1972, tulipoamriwa na serikali kuacha majina ya ubatizo, jina lake la Louis nalo likaachwa. Watu walinuna. Yeye akatuambia kwamba mafarao nao walifutiana majina kwenye mawe, na bado tunawajua. Tulicheka, ila kwa sauti ndogo.

Siku moja Mama Mbelu, muuza bukari, ugali wetu, alileta msalaba wa shaba alioufukua kwa jembe kule Tenke. Alikuwa anautumia kugandamiza kifuniko cha sufuria.

"Mama, shaba tunaiona kila siku, utuletee nyama!" wachimbaji wakamzomea.

Tata akavua miwani. Akaeleza jinsi bankambo, mababu zetu, walivyoyeyusha shaba kwenye tanuru za udongo, kwa mivukuto ya ngozi, kabla ya kampuni yoyote. Msalaba ukapita mkono kwa mkono. Kyungu, ambaye mgodi umeshamaliza mgongo wake, aliushika muda mrefu.

"Kumbe hii kuchoka ni ya bankambo," akasema.

Mwaka 1979 ampuli, ile taa ya projekta aliyotuonyeshea picha, iliungua. Tata aliiandikia kampuni barua sita, majibu hayakuja. Basi akaendelea hivyo hivyo: anatundika kitambaa cheupe, anazima taa, anaonyesha kwa fimbo.

"Hapa kushoto munaona mulango wa kaburi."

"Tata, mi siwone kitu!" akapiga kelele Shida, dereva.

"Ngojea. Hata farao alingojea."

Mlango ule niliuona. Naapa niliuona.

Zamani nilipanga viti mia na ishirini. Baadaye arobaini. Jumatano iliyopita, tisa. Watu wakitoka kazini wanakimbilia mashamba ya mahindi, na wakifika ukumbini wanasinzia. Siwalaumu. Tata mwenyewe sasa anaongea akiwa ameegemea ukuta. Aliomba kitu kimoja tu: mtu wa kushika fimbo. Asipopatikana, kuanzia Jumatatu ukumbi unawekwa magunia ya unga.

Tata Kazadi, tunakushukuru. Wewe na mke wako Mama Ntumba mufike Mbuji-Mayi salama, mulime kidogo, mulale sana, na magoti yako yapate amani.

Sasa ile bahati yangu: ni uongo. Tata hakunichagua. Jumatano aliinua fimbo, akauliza nani ataishika. Sisi tisa tukaangalia viatu vyetu. Na mimi pia, na fimbo ikabaki mkononi mwake.