Flaiwili Mbili za Abu Wajdi

Jumamosi hii, tarehe 29 Septemba 2018, Fundi Nakhle Breidi anastaafu baada ya kuitumikia Gereji ya Wadi, hapa Zahle, kwa miaka thelathini na mmoja. Kila mtu humwita Abu Wajdi, yaani baba yake Wajdi, hata wateja ambao hawajawahi kumwona huyo Wajdi mwenyewe.

Aliajiriwa mwaka 1987 kwa kazi ya breki. Muda si mrefu akahamia kwenye injini na klachi, na huko ndiko jina lake lilikokua. Tangu 1995 ndiye msimamizi wa upande huo, na amefundisha mafundi ambao leo wana gereji zao na wanatunyang'anya wateja. Ni mtu wa maneno machache na kahawa nyingi. Ukimletea yenye sukari ataipokea, atakushukuru, kisha ataenda kuimwaga nyuma ya pipa la oili. Sote tumemwona.

Huwezi kumweleza Abu Wajdi bila kumtaja Ramez Qassouf, fundi viatu wa mtaa wa pili, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Ramez alikuwa dereva wa mashindano ya kupanda mlima, na mzuri hasa. Tatizo gari lilikuwa moja. Jumapili lilikuwa la mashindano, siku nyingine zote lilikuwa la mkewe, Hind.

Hapo ndipo ugomvi wa flaiwili ulipoanzia. Kwa wale wageni wetu ambao hawanawi mikono kwa petroli, flaiwili ni ile sahani nzito ya chuma inayozunguka nyuma ya injini, ambayo klachi huishika. Ikiwa nzito, injini hutulia na gari huondoka taratibu hata kwenye mwinuko. Ikiwa nyepesi, injini hupaa mara tu ukigusa mafuta, lakini ukikosea klachi kidogo tu, inazimika.

Ramez alitaka nyepesi, akafungiwa. Wiki haikuisha, Hind akazimikiwa na gari kwenye mwinuko wa tanuri la mikate, na sinia ya nyama na nyanya aliyokuwa akiipeleka ikaokwe juu ya mikate ikamwagikia viti vyote. Alikuja gereji na sinia tupu mkononi. "Abu Wajdi," alisema, "mume wangu umempa mbio. Mimi umenipa nini?"

Abu Wajdi akaamua jambo ambalo fundi mwingine angeliita wazimu. Kila mkesha wa mashindano alishusha giaboksi inayoifunika na kufunga flaiwili nyepesi. Jumatatu akaishusha tena, akarudisha nzito. Aliipokea ile giaboksi kifuani, amelala chali, maana jeki kwake ilikuwa kitu cha wavivu. Misimu ikapita hivyo. Ramez alileta vikombe, Hind akapata mikate yake, na marafiki hao wawili walikunywa kahawa hapa kila jioni.

Mwanzoni mwa msimu wa 2003, Abu Wajdi alimwambia Ramez kwamba ile nyepesi imepata ufa, na kwamba kufunga nyingine ya namna hiyo ni kujitafutia kifo. Ibaki nzito, basi. Ramez hakubisha. Hakushindana tena. Mwaka ule alisimama kando ya barabara akiwatazama wenzake wakipita, na mwaka uliofuata hakwenda kabisa. Kahawa za jioni nazo zikakoma. Wakabaki kusalimiana kwa mbali.

Flaiwili haikuwa na ufa wowote. Mgongo wa Abu Wajdi ndio uliokuwa umekwisha, na aliona aibu kusema. Abu Wajdi alitueleza hayo wakati wa chakula mwezi uliopita, na ametaka yaandikwe hapa. Miaka yote hiyo tulimwona akijishika kiuno, naye akatuambia ni upepo wa baridi tu.

Siku ya pili yake alikwenda kwa Ramez. Shukri, mpiga rangi wetu, ndiye aliyempeleka, na alikuwepo. Ramez alisikiliza huku akishona kiatu. "Ningelala chini ya gari mimi mwenyewe, wewe mtu," alisema mwishowe. "Ungesema tu." Akashona tena kidogo. "Mimi nilidhani umenichoka."

Gari liliuzwa zamani, na macho ya Ramez hayamruhusu tena kuendesha. Miaka ile haitarudi kwa yeyote kati yao. Inatuuma, na hatutajifanya haituumi. Ramez ameahidi kuja Jumamosi, kwa sharti kwamba hotuba ziwe fupi.

Abu Wajdi, tunakushukuru kwa kila injini uliyoifufua na kila fundi uliyemlea. Tunakutakia afya njema na siku za utulivu, wewe na mkeo, Umm Wajdi. Na safari hii, tafadhali, ukiumwa, sema.